Bidoni la Mawese

Liège, 14 Februari 2023

Mzee Byamungu,

Amahoro, mzee wangu. Binti yako Lisette ameniambia kuwa simu umeifungia kabatini kabisa, kwamba barua zangu anakuchapishia kwa herufi kubwa, na kwamba utajibu kwa kalamu naye atapiga picha kurasa zako anitumie. Basi tuendelee hivyo. Mimi nimefurahi, maana mbele ya kamera ulikuwa unatabasamu kila nilipokuuliza jambo zito.

Filamu yangu juu yako sasa ina dakika sabini na nane. Inaanza na mikono yako ikibadilisha nyuzi za gitaa, bila maneno. Kisha ile picha ya Kadutu, Bukavu, ya mwaka 1981, vijana watano wa bendi yenu wenye suruali pana chini, na wewe peke yako umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kisha masikio yako yasiyosikia tena. Kisha Gatumba.

Gatumba ndiyo moyo wa filamu. Umesimama karibu na kizuizi cha mpaka, kofia mkononi, unasema: "Hapa ndipo Sylvère, mwimbaji wetu, alipotoa kaseti zetu nne, muziki wetu wote, akapewa bidoni la mafuta ya mawese. Lita ishirini. Alikuwa na njaa. Simlaumu." Wote ninaowaonyesha wanacheka kwenye mawese, halafu wananyamaza kwenye "simlaumu".

Hapo ndipo penye shida. Televisheni inayotusaidia inataka kila mtu anayetajwa kwa ubaya apewe nafasi ya kujibu. Uliniambia hujui Sylvère aliko. Tafadhali jaribu kuuliza. Kama amefariki, nitafutie watoto wake. Mwezi wa nane tunaonyesha Bujumbura, na wewe utakaa kiti cha mbele.

Jambo la pili: nina filamu ya mwanamuziki wa rock isiyo na sekunde moja ya rock yake. Nimemwomba Lisette anitumie kanda yoyote ya zamani iliyomo nyumbani, hata ya kwaya, angalau tusikie gitaa lako la miaka ile.

Wako,
Orlane

*

Nyakabiga, Bujumbura, 2 Machi 2023

Mwanangu Orlane,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaandika vizuri, na unasikia vizuri, kuliko mimi nilivyosikia katika miaka thelathini iliyopita. Siku hizi sikio la kushoto linanipa mlio mmoja tu, kama ampli ya gitaa iliyosahauliwa bila kuzimwa. La kulia halinipi kitu.

Kuhusu Sylvère, nakuomba umwache. Watu wa rika letu hawapendi kufukuliwa. Tulitoka Bukavu tukaenda kupiga muziki Uvira, na kutoka Uvira vita vikatutawanya, kila mmoja na njia yake. Wengine wamekufa, wengine wamekuwa watu wengine. Mtu ambaye hujamwona tangu mwaka 1996 hujui utamkuta na sura gani.

Waambie watu wa televisheni kwamba nimeuliza na sijapata jibu. Hilo si uongo mkubwa. Au liondoe jina lake, sema "mwenzetu mmoja". Mawese yabaki, kwa kuwa watu wanayapenda.

Kanda hatuna. Sanduku lililo juu ya kabati ni la kwaya ya marehemu mke wangu, Marguerite. Humo hamna kitu cha kukufaa. Nimemwambia Lisette asijisumbue.

Hapa mvua imetuchosha. Kutoka dirishani naona wanafunzi wanaruka madimbwi wakiwa na viatu mkononi. Ningeweza kukuandikia ukurasa mzima juu ya viatu vyao, na ungeupenda, lakini ungejua kwamba nakwepa swali.

Wako,
Byamungu

*

Gatumba, 19 Machi 2023

Byamungu,

Barua hii inaletwa na binti yangu Ernestine. Usishituke. Anapita Nyakabiga kila Alhamisi akiuza samaki, ndagala zake. Kwako ni kilomita kumi na tano na mi nimechukua miaka makumi mbili kuziandika.

Mwezi wa kumi na moja ulikuja hapa na gari nyeupe na msichana wa kamera. Wajukuu zangu walikimbia kukuangalia. Mi nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa meza ya Ernestine, chini ya mwavuli. We hukuniona. Ama uliniona, sijui. Masikio yangu bado mazima, Mungu asifiwe, na we siku hizi unaongea kwa nguvu kama mutu anauza samaki. Nilisikia yote.

Nina swali moja. Bidoni lilikuwa la lita ngapi? Mwaka wa 1999 kwenye redio ulisema tano. Mwaka wa 2010, kwenye maziko ya mupiga ngoma wetu, lilikuwa kumi. Sasa ni ishirini. Nikiishi sana nitakuwa nimeuza kaseti kwa pipa.

Hapa mi siitwi Sylvère. Naitwa Mawese. Mzee Mawese, nyumba ya kwa Mawese. Ernestine alipigana shuleni juu ya hilo jina mpaka akachoka. Maji yalipobeba nyumba yangu mwaka wa 2020, watu wa msaada waliita orodha, na mi niliitika "Mawese", maana ndivyo waliandika.

Mi najua kaseti nilimupa nani. Nilikupa we, kwa mukono, pale kwenye kizuizi, nikarudi Uvira kuchukua mama yangu. Sijasema kwa mutu. Nilikaa nikafikiri: Byamungu alikuwa na Marguerite pale, na askari walikuwa wanatenga wanawake pembeni. Nikajua. Uliwapa askari kaseti na redio ili wamuachie bibi yako. Halafu uliona haya kusema. Nikasema basi, kama ni kwa ajili ya Marguerite, mi nitabeba hilo bidoni. Na nimelibeba, bila chuki.

Lakini sasa kuna Joëlla, mutoto wa Ernestine. Kuna kijana anaitwa Divin, wanapendana. Familia yake ni watu wa Kadutu, wako Bujumbura. Walipokuja kuuliza habari zetu, mujomba wake akasema: "Huyu si wa kwa Mawese, yule aliuza wenzake?" Wakaondoka bila kunywa fanta. Hawajakataa. Wanafikiri bado.

Ernestine alisikia kwa watu wa gari kwamba filamu itatoka. Redio inapita, Byamungu. Filamu inabaki. Sema kweli mbele haijatoka. Hakuna mutu atakucheka kwa kuokoa mke wako.

Sylvère

*

Nyakabiga, 26 Machi 2023

Ndugu yangu Sylvère,

Ernestine aliniletea barua yako akasimama mlangoni mpaka nilipoifungua. Ana macho yako. Nilimkaribisha akae, akasema samaki watamharibikia.

Nimejaribu kuandika mara nne. Utanisamehe nikiandika kwa ufupi. Ndiyo. Ilikuwa kama ulivyodhani. Askari walimweka Marguerite pembeni pamoja na wanawake wengine, nami nilikuwa na begi lako begani. Mengine unayajua, na sipendi kuyarudia.

Nilisema mawese kwa sababu mwandishi wa redio aliniuliza ghafla, na wakati ule tulisikia umekufa Uvira. Nilidhani maiti haiumizwi na jina. Ulipotokea hai, mwaka 2001, neno lilikuwa limekwisha kusambaa.

Nitamwandikia yule binti wa filamu. Jina lako litasafishwa kabla ya mwezi wa nane. Waambie watu wa Divin.

Maji yalipoingia Gatumba nilipata habari siku ileile. Nilifika hadi kwenye maegesho ya magari yaendayo Gatumba, nikarudi. Hilo nalo nilitaka ulijue.

Byamungu

*

Nyakabiga, 27 Machi 2023

Mwanangu Orlane,

Sylvère yu hai. Yuko Gatumba, na nilijua. Hakuuza kaseti. Nilizitoa mimi kwa askari mpakani ili wamwachie mke wangu, na kwa aibu nikamtwisha mwenzangu. Hakuna haja ya kumsumbua ajibu. Ukija mwezi wa saba, nitayasema haya mbele ya kamera.

Utaona kwamba habari hii ni nzuri kuliko ile ya kwanza.

Byamungu

*

Gatumba, 13 Aprili 2023

Byamungu ndugu yangu,

Asante. Nimesoma barua yako mbele ya nyumba yote. Ernestine alilia. Joëlla akasema, "Kumbe babu alikuwa shujaa wa kimyakimya," na mi nikamuambia apana, shujaa ni ule aliacha muziki wake wote juu ya mwanamuke mmoja, mi nilibeba bidoni tu.

Mujomba wa Divin nimemutumia habari. Amesema atakuja kunywa ile fanta.

Jumapili ya Pasaka nilitoka Gatumba na nguo nzuri, nikaenda makaburini kwa Marguerite. Ilikuwa mara ya kwanza. Mulinzi alinionyesha. Nilimuwekea maua na nikamuambia: mama, uliponea kwa sauti yetu, na mi sijutii hata wimbo moja. Nilikaa pale mpaka jua likawa kali. Nilifikiri labda nitakukuta.

Roho yangu nyepesi. Nimeanza kuimba nikioga, na wajukuu wanagonga mulango, "Babu, maji yanaisha!"

Wako,
Sylvère

*

Liège, 20 Aprili 2023

Mzee Byamungu,

Barua yako ya Machi ilinitoa machozi, na nilianza kupanga upya filamu nzima kuizunguka.

Usimkasirikie Lisette. Alinitumia lile sanduku la kwaya kupitia jamaa aliyekuwa akisafiri. Alisema angependa sauti ya mama yake isafishwe kabla kanda hazijaharibika. Kaseti ni nne. Juu pameandikwa kwa mkono: "Kwaya, Pasaka 1998".

Anouar, fundi wetu wa sauti, alizigeuza akacheka. Mgongoni mwa kila kaseti vijino vya plastiki vimevunjwa, na matundu yake yamezibwa kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Sikuelewa. Akanieleza kwamba mtu huvunja vijino vile ili mashine isiweze kurekodi tena juu ya kaseti. Mwenye kutaka kurekodi juu yake lazima ayazibe matundu kwanza. "Huyu hakukosea," alisema Anouar. "Huyu alikaa chini akafanya kazi."

Tukasikiliza zote. Kwaya, pande zote. Mama Marguerite nadhani ndiye sauti ya juu inayotangulia wengine kidogo. Lakini upande wa pili wa kaseti ya nne kwaya inamaliza mapema. Panasikika mlio mdogo wa kitufe, halafu ngoma, besi, na gitaa lenye mngurumo ambao sijawahi kuusikia kutoka ukanda wetu. Mwisho wa wimbo, watu wanapiga mayowe. Kisha mwanamume anasema kwenye maikrofoni, kwa sauti nzuri mno, akicheka. Najua hutaweza kusikia, kwa hiyo nakuandikia maneno yake yote:

"Byamungu, punguza hiyo gita, utazeeka kiziwi!"

Watu wanacheka. Kanda inaisha. Ni sekunde arobaini na moja.

Mzee wangu, kaseti hizi si zilichukuliwa na askari?

Orlane

*

Nyakabiga, 4 Mei 2023

Sylvère,

Binti wa filamu aliniandikia, na Lisette alisoma barua yake kabla yangu, kwa sababu yeye ndiye anayenichapishia. Aliweka karatasi mezani, akachukua beseni, akaenda kufua nguo ambazo alikuwa amezifua jana yake. Ndipo nilipojua kwamba sina tena chumba cha kujificha ndani ya nyumba hii.

Barua yangu ya tarehe 26 Machi ilikuwa uongo. Ulinipa sababu nzuri nami nikaivaa kama koti la mtu mwingine. Hakuna askari aliyechukua kaseti. Marguerite alipita kizuizini pamoja nami bila kuulizwa hata jina. Begi lako lilifika Nyakabiga salama, na likakaa chini ya kitanda changu kwa mwaka mmoja na miezi mitano.

Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio wake, kwa sababu nikianza kutafuta maneno mazuri nitadanganya tena.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 niliokoka. Nilikuwa sipati kazi, nilikuwa nakunywa, na kanisa la wakimbizi lilikuwa karibu na nyumba. Mchungaji alitaka waongofu walete vitu vyao vya dunia vichomwe mbele ya waumini. Mmoja alileta hirizi, mwingine karata, dada mmoja alileta wigi. Mimi nilikuwa mtu wa rock wa Kadutu, kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa anangoja nilete nini. Kuchoma sikuweza. Basi nikasimama nikasema nitafanya jambo kubwa kuliko kuchoma: kaseti za shetani nitazibatiza, ziimbe Bwana. Walishangilia, Sylvère. Lilikuwa onyesho langu la kwanza mbele ya watu baada ya miaka miwili, na nilikuwa na njaa ya makofi kuliko ya chakula.

Unakumbuka kwamba vile vijino nilivivunja mimi mwenyewe, kwa kisu, usiku wa tamasha, na wewe ukasema, "Sasa hata mjinga hawezi kutufuta"? Niliyaziba matundu yote manane. Nilitumia karatasi ya pakiti yangu ya mwisho ya sigara. Nilifikiri ni ishara nzuri. Marguerite alisimama mlangoni akasema, "Usifanye. Nusu ya hizo ni sauti ya Sylvère, na Sylvère hayupo wa kuulizwa." Nikamwambia anyamaze mbele ya kazi ya Mungu. Halafu nikampeleka kwenye mazoezi ya kwaya, nikaweka mashine kwenye kiti, nikabonyeza. Aliimba. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki, na kila nikizitazama zile kaseti najua ameimba juu yako kwa amri yangu.

Mwaka uliofuata nilitoka katika kanisa lile, bila ugomvi, kama mtu anayetoka kwenye basi. Mwandishi wa redio akaniuliza kanda ziko wapi. Kusema "nilizifuta ili nipigiwe makofi" kulinishinda. Kwa nini mawese, sijui. Mama mmoja alikuwa anapita nje na bidoni kichwani. Hiyo ndiyo sababu nzima. Wewe umebeba jina hilo miaka ishirini na minne kwa sababu mama mmoja alipita nje ya dirisha.

Marguerite hakunisema mbele ya watu. Lakini kila redio iliporudia kile kisa, alikuwa anainuka na kwenda jikoni. Alifariki mwaka 2014, na katika siku zake za mwisho aliniuliza jambo moja tu, kama nimekwisha kwenda Gatumba. Nilimwambia ndiyo.

Nawe ukaenda kumwekea maua, ukamshukuru.

Siombi unisamehe, sina uso wa kuomba. Ila nakwambia kwamba zimebaki sekunde arobaini na moja, mwishoni mwa kaseti ya nne, kwa kuwa kwaya ilichoka mapema. Ni wewe ndani yake. Nimemwomba Orlane azitume kwenye simu ya Ernestine. Mimi sizisikii. Lisette alinichezea kwenye spika kubwa, nikaweka vidole juu yake, nikahisi mtetemo, basi. Maneno yako niliyasoma kwenye karatasi.

Byamungu

*

Nyakabiga, 5 Mei 2023

Mwanangu Orlane,

La, hazikuchukuliwa na askari. Naambatanisha barua niliyomwandikia Sylvère. Isome, kisha ufanye hivi.

Usikate pale Gatumba. Niache nisimame na kofia yangu, niseme mawese, niseme na lile "simlaumu" ambalo watu wananyamazia. Wacheke kwanza. Kisha waonyeshe mgongo wa kaseti na karatasi ya sigara. Kisha mtu aisome barua hiyo, asiwe mimi, kwa sababu mimi nasoma vizuri na watu watanihurumia.

Sekunde arobaini na moja ziweke utakapoona. Lakini kabla hazijatumika, mwombe Sylvère ruhusa. Nimekwisha kumtumia mtu bila kumwuliza, imetosha.

Byamungu

*

Gatumba, 11 Juni 2023

Byamungu,

Barua yako nilisoma mwenyewe. Halafu nikamupa Ernestine, maana ni yeye alipigana shuleni, si we na si mi. Alisoma akasema, "Baba, mi naweza kwenda kumumwagia maji ya ndagala?" Nikamuambia angoje.

Nimekaa wiki tano. Sikuandika kwa sababu kila nikiandika ilikuwa matusi, na mulango wa matusi ukifungua na mutu wa umri wetu hauna mwisho.

Kitu kiliniuma si kaseti. Kaseti ni plastiki. Kiliniuma ni kwamba mi nilikuwa nimekutengenezea sababu nzuri, miaka yote, nikilala nayo kama mutoto, na we hukuwa hata na hiyo. Nilibeba juu ya mapenzi. Kumbe nilibeba juu ya makofi ya watu mia moja. Na nimesimama mbele ya nyumba yangu nikawaambia we ni shujaa. Sasa nani ni mwongo hapa Gatumba? Ni mi. Mujomba wa Divin alikunywa fanta juu ya uongo wako.

Basi sikia. Jumamosi tarehe 8 Julai watu wa Divin wanakuja kwangu rasmi, na wasemaji, na wazee, na viti vya kukodi. Utakuja. Bila kamera. Msichana wako mwambie sekunde zangu nimemupa, aweke, lakini siku ile si ya filamu.

Utakuja na bidoni la mawese. Lita ishirini, kama ulisema. Si tano. Gari ikuache pale kwenye kizuizi, pale ulisimama na kofia. Kutoka pale mpaka kwangu ni kama mita mia sita. Utabeba mwenyewe. Ukichoka, pumzika. Watu wa barabara watakuuliza, "Muzee, unabeba nini, unapeleka wapi?" Utawajibu. Kila mutu, na kila swali. Kiswahili chako cha vitabu uache Nyakabiga.

Ukifika utaniita kwa jina langu mbele ya wageni, utawaambia ile umeniandikia, yote, na bidoni utaweka miguuni kwangu.

Kama huwezi, usijibu.

Sylvère

*

Nyakabiga, 15 Juni 2023

Sylvère,

Nitakuja. Lisette ameninunulia bidoni la mawese kwenye soko la Ruvumera. Liko jikoni, pale mama yake alipokuwa akienda kusimama. Leo nimejaribu kuizunguka nyumba nalo mara moja. Nilipumzika mara mbili.

Lisette aliuliza kama aombe teksi inifikishe mpaka mlangoni kwako. Nikamwambia hapana. Akainuka akaniletea chai. Ni mara ya kwanza tangu Aprili kuniandalia chai yeye mwenyewe.

Byamungu

*

Gatumba, 16 Julai 2023

Byamungu,

Ernestine alikufuata ng'ambo ya barabara toka kizuizini, hukumuona. Alihesabu. Ulipumzika mara saba. Mara ya nne, pale kwa fundi wa baiskeli, ulikaa sana, na anasema watu walikuwa wengi na ulikuwa unarudia toka mwanzo kila akija mupya. Anasema kuna kijana alitaka kukusaidia kubeba na we ulimufukuza kama mbwa. Yale maji ya ndagala ameyamwaga kwenye mufereji.

Wageni walistuka. Mujomba wa Divin aliniuliza kwa sikio: "Lakini huyu muzee mbona anapiga kelele hivi?" Nikamujibu: "Alionywa." Hakuelewa. Nikamuwekea zile sekunde kwenye simu ya Ernestine, akasikia, akacheka mpaka akatoa kitambaa, halafu aliacha kucheka. Akasema: "Huyu anayeongea ni nani?" Nikasema ni mi. Akasema, "Mzee Sylvère." Joëlla alikuwa nyuma na sinia, alisikia.

Wamekubali. Harusi ni mwezi wa kumi na mbili.

We na mi hatujamaliza. Nakuambia wazi, ili usirudi nyumbani ukaandika ukurasa mzuri. Kuna asubuhi naamuka nikiwa na hasira kama ya mutu wa miaka thelathini, na sijui itaisha lini. Siku ile sikukupa mukono, uliona, na watu waliona.

Mawese yalikuwa mazuri. Yale mekundu ya kweli. Ernestine alipika nayo siku ile, na yaliyobaki tumegawia majirani, kila nyumba kikombe. Wanakula wanacheka, sasa hivi hawanicheki mi.

Bidoni lako limebaki hapa, tupu. Nimelisafisha na majivu. Ernestine alitaka kukuletea Alhamisi, nikamukataza. Si mutu wa kubebewa, we.

Njoo ulichukue.

Sylvère